Mwasumini kwenye baridi ya Njombe

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa tatu niko Njombe kikazi. Mama alinipa mche wa mwasumini nikaupanda chini kabisa ya uwanja, karibu na bomba, mbele kidogo ya ua wa michongoma. Kila kipupwe ncha zinaungua na kuwa nyeusi, kisha majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka. Mwaka jana mwezi wa tano niliutilia samadi na urea, nikawa naumwagilia kila jioni, hali ikazidi kuwa mbaya. Maua ni ya kuhesabu. Mwasumini wa mama kule Tanga hakuna anayeushughulikia, lakini jioni uwanja mzima unanukia. Je, niung'oe? Na mama mkwe anasema mti huu unaita nyoka, ni kweli?

Jibu: Usiung'oe, dada. Mti uliochomwa na baridi miaka yote hiyo na bado upo hai una mizizi mizima. Ulichokosea ni mahali ulipoupanda na kalenda unayoifuata. Kalenda yako ni ya Tanga, ambako usiku wa Julai huwa kwenye nyuzi joto 20 hivi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huko kushuka chini ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida. Kwa mwasumini, 10 ndipo maisha yanaposimama: hauchipui, haunywi maji ya maana, hauli mbolea. Ikifika sifuri unaungua.

Mwasumini wa pwani, ambao wataalamu wanauita Jasminum sambac, ni wa ukoo mmoja na mzeituni, na asili yake ni upande wa India na Bhutan. Ni kichaka kisichopukutisha majani mwaka mzima, na hapo ndipo tatizo lako linapoanzia. Angalia mipichi na mitufaa ya majirani zako. Baridi ikiingia inamwaga majani, inalala, na Agosti au Septemba inaamka bila jeraha. Mwasumini haujui kulala hivyo. Unaingia kwenye kipupwe na majani yake yote, na kama Mei uliusukuma kwa urea, unaingia pia na machipukizi mapya, laini, yaliyojaa maji. Sakitu inapotua, yaani ile barafu nyembamba inayotanda kwenye majani alfajiri, maji yaliyo ndani ya machipukizi hayo yanaganda na kuyaharibu. Asubuhi jua likipanda, ncha zinanywea, na kufikia jioni ni nyeusi. Sasa unaona kwa nini mwaka uliouhudumia zaidi ndio ulioungua zaidi.

Tuanze na mahali, maana ukiweka mti mahali pazuri nusu ya kazi imekwisha.

Usiku wa kipupwe usio na mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto lake kwenda angani, na hewa inayoigusa inapoa. Hewa ya baridi ni nzito. Hutiririka taratibu kufuata mteremko kama maji, na ikikuta kizuizi inatuama. Umeniambia umepanda chini kabisa ya uwanja, mbele ya ua wa michongoma. Basi ua huo ndio boma linalozuia baridi yote ya kiwanja chako isitoke, na mwasumini umeuweka ndani ya bwawa. Ukitaka kuhakikisha, amka alfajiri moja ya Julai, siku iliyo shwari, uzunguke uwanja na tochi. Utakuta nyasi za chini zimepauka kwa sakitu na zinakatika kwa mlio ukizikanyaga, lakini ukisogea kando ya nyumba nyasi ni mbichi, zina umande tu. Huo mpaka kati ya nyasi nyeupe na nyasi mbichi ndio ramani yako ya bustani. Chora kwa vijiti kabisa, usitegemee kumbukumbu.

Mwasumini unatakiwa uwe upande wa juu wa mpaka huo, kando ya ukuta wa nyumba. Ukuta upi? Hapa wengi wanapotea kwa sababu wanasoma maelekezo yaliyoandikwa Ulaya, yanayosema panda kwenye ukuta unaotazama kusini. Kwa Uingereza ni sawa, jua lao liko kusini. Njombe iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai jua la mchana linainamia kaskazini. Simama nje saa sita mchana mwezi wa Juni uangalie kivuli chako: kinaangukia kusini. Ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopigwa na jua wakati wote wa kipupwe. Kama ni wa matofali ya kuchoma, bora zaidi, maana unakusanya joto mchana na kulirudisha polepole usiku. Bati likitokeza mbele kidogo, nalo linasaidia: mti uliofunikwa na upenu hauoni anga lote, kwa hiyo haupotezi joto kwa kasi kama ule ulio wazi. Mwezi wa Desemba jua linahamia upande wa pili na ukuta huo unabaki kivulini siku nzima. Hilo ndilo doa la ukuta huo. Unachohitaji kwa jumla ni jua la moja kwa moja kwa muda wa saa tano au sita kwa siku.

Weka umbali wa hatua moja kutoka ukutani, na uhakikishe maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati hayaangukii shina. Kabla ya kupanda, chimba uangalie kilicho chini. Mafundi wengi wakimaliza kujenga wanafukia mabaki ya saruji na chokaa hapohapo kwenye msingi, na mwasumini haupendi udongo wa chokaa. Ukikuta vipande vya zege na lipu, ondoa udongo huo wote, jaza mwingine.

Lakini nitakuambia wazi, dada: ningekuwa wewe nisingeurudisha ardhini. Ningeuweka kwenye chungu. Mwasumini hautaki nafasi kubwa. Mizizi ikibanwa kidogo unachanua vizuri tu. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu matano au sita chini inatosha kwa miaka kadhaa, na chungu cha udongo cha ukubwa huo kinapendeza zaidi kama una mtu wa kukusaidia kukisogeza. Faida yake ni kwamba kipupwe kikija unaubeba. Mchana unauacha juani, usiku unauingiza barazani au ndani. Wanaoishi kwenye baridi ya kweli wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Inasimuliwa kwamba Cosimo III, mtawala wa Tuscany kutoka ukoo wa Medici, alipopata aina ya mwasumini wenye maua yaliyojaa kama waridi, mwishoni mwa karne ya 17, aliufungia na kukataza mtu yeyote kupewa kipandikizi. Hata leo aina hiyo inauzwa kwa jina la Grand Duke of Tuscany. Ubahili huo siusifu, lakini mti wa joto uliweza kuishi Italia, na huko majira ya baridi si mchezo.

Kama utauingiza ndani, usiuweke karibu na jiko, na tafadhali usiwashe jiko la mkaa chumbani eti mti upate joto. Mti hautakufa kwa baridi ya usiku mmoja ukiwa ndani ya nyumba, lakini moshi wa mkaa usioonekana unaua watu waliolala. Nalisema hili kwa sababu nimeshaulizwa.

Udongo wa kwenye ndoo uchanganye hivi: sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza mpaka imekuwa kama majani ya chai na haina harufu, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Minya konzi moja ya mchanganyiko wenye unyevu. Ukifungua kiganja ushikane kidogo kisha ubomoke ukiuguswa kwa kidole. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Chini ya ndoo weka vigae vichache ili matundu yasizibe.

Kuhamisha ni Septemba, baridi ikishalegea, si sasa hivi kama bado asubuhi mnatoa mvuke midomoni. Mwagilia siku moja kabla. Pogoa mti mpaka ubaki nusu ya urefu wake. Chimba kuuzunguka, kwa upana ambao donge lake litaingia kwenye ndoo, ukate mizizi ya pembeni kwa jembe lenye makali, kisha pitisha gunia chini ya donge na ulinyanyue pamoja na udongo wake. Ukiingia kwenye ndoo, shina likae kwenye usawa uleule lililokuwa, lisizikwe zaidi. Uweke kivulini kwa wiki mbili, halafu uuzoeshe jua kidogo kidogo.

Umetaja kwamba hupati maua. Nadhani hukuwahi kuupogoa hata mara moja, ulikuwa unasubiri baridi ikupogolee. Asumini huchanua kwenye ncha za matawi mapya. Tawi la mwaka jana likiachwa lilivyo litakupa majani na vijitawi dhaifu viwili vitatu, lakini ukilikata linatoa machipukizi mengi, na kila chipukizi ni nafasi ya kishada cha maua. Wakulima wa Madurai, kusini mwa India, ambao asumini yao inauzwa kwa tani na ilipata hati ya kulindwa kwa jina la mahali inapotoka mwaka 2013, hukata vichaka vyao mwishoni mwa Novemba mpaka vinabaki sentimita 50 hivi kutoka ardhini. Mtu asiyejua akipita shambani anadhani wamemaliza kuvunja kazi yote. Miezi michache baadaye wanavuna.

Kwako, wakati wa kukata ni Septemba, na kwa mti wa ndoo kata theluthi moja mpaka nusu. Tumia mkasi mkali au kisu kilichopitishwa kwenye moto. Angalia pale majani mawili yanapotazamana tawini. Kata juu kidogo ya hapo, usiache kipande kirefu kinachoning'inia, kitakauka na kuwa mlango wa ukungu. Ondoa kabisa matawi yaliyokufa, yale ambayo ukikwaruza ganda kwa ukucha ndani ni kahawia, si kijani. Na hapa kuna jambo moja linalowashinda watu wengi uvumilivu: ncha zikiungua mwezi wa sita, usizikate mwezi wa sita. Zinachukiza macho, najua, hasa zikiwa mbele ya nyumba na wageni wanapita. Ziache. Ukikata wakati wa baridi unauambia mti uchipue, na chipukizi hilo litakutana na sakitu inayofuata. Majani yaliyoungua yanayakinga yaliyo chini yake.

Baada ya kupogoa, mti ukianza kuvimba macho ya machipukizi, ndipo mbolea inapoingia. Samadi iliyooza, kopo moja la kilo juu ya udongo wa ndoo, rudia Desemba na Februari. Ukitaka ya dukani, kijiko cha chai cha NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye namba tatu zinazolingana kwa ndoo moja, kila baada ya wiki sita, mbali na shina, kisha umwagilie. Urea iache. Inaleta majani mapana ya kijani kibichi, mti unapendeza kwa mbali, ukisogea karibu hakuna hata tumba moja. Mwisho wa Machi funga kabisa habari za mbolea ili matawi yapate mwezi wa Aprili na Mei wa kukomaa. Tawi lililokomaa, ganda lake limekuwa gumu na limeanza kuwa na rangi ya kahawia, linastahimili usiku ambao chipukizi laini halistahimili.

Maji nayo yafuate majira. Kuanzia Oktoba mpaka Machi usiuache ukauke, ingawa mvua za huko zitakusaidia sana kuanzia Novemba. Kuanzia Mei punguza. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukiona bado kuna unyevu, ondoka. Na mwagilia saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapasha udongo, siyo jioni. Ulipokuwa unamwagilia kila jioni ya kipupwe ulikuwa unalaza mizizi kwenye maji baridi usiku kucha. Mizizi ya namna hiyo haivuti chakula hata kama chakula kipo, na mti unaanza kuyanyonya majani ya chini kabisa ili ulishe ya juu. Ndiyo manjano uliyoyaona.

Kuhusu manjano hayo, wasomaji wengine watanufaika nikifafanua, maana si ugonjwa mmoja. Chukua jani ulishike juani. Likiwa ni jani la chini, la zamani, limekuwa manjano lote sawasawa pamoja na mishipa yake, basi ni njaa ya naitrojeni au mizizi yenye maji mengi. Utatofautisha kwa kuchimbua kidogo pembeni, mizizi mizima ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia, inachubuka ganda ukiivuta na ina harufu ya kinamasi. Likiwa ni jani la juu, changa, nyama yake imepauka kuwa ya limau huku mishipa imebaki ya kijani kama wavu, hapo ni ukosefu wa chuma. Hili la pili ni ugonjwa wa pwani zaidi, Mombasa, Unguja, na popote pale penye udongo wa mawe ya matumbawe. Chuma kimo ardhini, lakini chokaa inakifunga mti usikipate. Mtu wa huko apande kwenye chungu chenye udongo wa kuletwa, aweke mboji kwa wingi, na akiona haitoshi anyunyize salfeti ya chuma majanini, gramu 5 kwa lita moja ya maji, jioni. Udongo wa Njombe kwa kawaida ni wa tindikali, kwa hiyo wewe hilo halikuhusu, isipokuwa kama mnamwaga majivu ya jikoni kwenye maua. Majivu ni kama chokaa. Yapelekeni kwenye kabichi.

Ikiwa mwaka huu kipupwe kitakukuta bado hujauhamisha, ufunike. Chomeka fito nne kuuzunguka, juu yake tandika shuka kuukuu au kanga mbili jua likiwa bado halijazama, mpaka zifike chini, ili zinase joto linalopanda kutoka ardhini. Kitambaa kisiguse majani. Nailoni usiitumie ikiwa imelala juu ya mti. Panapogusa ndipo panapoungua. Asubuhi jua likitoka ondoa, usisahau mpaka mchana. Na siku unazohisi usiku utakuwa mkali, yaani mchana mkavu, anga jeupe, upepo umetulia alasiri, lowesha udongo wa kuzunguka mti asubuhi yake: udongo wenye unyevu unabeba joto zaidi kuliko mkavu. Matandazo ya nyasi yanayofunika ardhi yaondoe kwa kipindi hicho, kwa sababu yanazuia joto la ardhi lisipande kwenye majani. Yarudishe Septemba.

Wadudu sitawazungumza sana, baridi inakufanyia kazi hiyo. Mti ukikaa chini ya upenu bila kuguswa na mvua, utitiri hupenda kuja: majani yanakuwa na vidoa vidogo vilivyopauka kama yamenyunyiziwa unga, na ukigeuza unaona utando mwembamba. Geuza mpira wa maji upige upande wa chini wa majani, rudia baada ya siku chache, mara nyingi inatosha. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, fuata wanakokwenda. Utakuta vidugamba au vijidudu vyeupe kama pamba vimejibanza kwenye maungio, na majani ya chini yake yana masizi meusi yanayonata. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza jioni, sugua maungio kwa mswaki wa zamani. Matumba yakigeuka rangi ya zambarau na kudondoka kabla ya kufunguka, pasua moja uangalie. Kama kuna funza ndani, chuma yote yenye tundu uchome moto, usiyaache chini ya mti.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Chunguza mwasumini wako ni wa aina gani. Hesabu majani kwenye kila ungio. Ukikuta mawili mawili yanayotazamana, na maua yake yana duara moja au mawili ya petali, uko salama. Ukikuta mara nyingi ni matatu matatu, mti umesimama wima na maua yake ni mazito, yamejaa petali tele kama kijiwaridi, hiyo ndiyo aina ya yule bwana wa Tuscany. Huo unakua polepole hata kwenye joto, na kwenye baridi matumba yake hubadilika rangi yakaoza kabla ya kufunguka. Njombe ungekutesa bure. Wenye duara moja ndio mwepesi kuchanua, na ndio ningekushauri uutafute.

Bahati yako una mama mwenye mti. Ukienda Tanga mwisho wa mwaka chukua vipandikizi, usichukue kimoja. Chagua tawi ambalo si laini la kijani kabisa wala si gumu kama kuni, lile linalopinda bila kuvunjika. Kata vipande vya sentimita 10 mpaka 15 vyenye maungio matatu, ondoa majani ya chini, bakiza mawili juu na uyakate nusu. Vifunge kwenye gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha ndani ya mfuko wa nailoni, navyo vitasafiri siku mbili bila wasiwasi ilimradi usiviache kwenye kioo cha gari. Ukifika chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, ungio moja liwe chini, ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, uweke kwenye mwanga usio na jua kali. Kwenye joto la Desemba na Januari mizizi hutoka ndani ya wiki nne mpaka sita. Vikifika kipupwe cha kwanza vilale ndani ya nyumba. Mwombe mama pia ainamishe tawi moja refu mpaka chini, akwaruze ganda upande wa chini, alizike kwa sentimita kadhaa na kuliwekea jiwe. Utakaporudi utakuta lina mizizi yake na ni la kukata tu.

Mbegu usinunue. Mwasumini huu ni nadra sana kuzaa mbegu, unaenezwa kwa matawi, kwa hiyo pakiti yenye picha ya asumini nyeupe itakuotea kitu kingine. Vilevile jihadhari na kichaka kingine kinachouzwa kwa jina la yasmini, chenye maua membamba marefu ya kijani kilichopauka, kinachonuka usiku mpaka kichwa kinauma. Huo ni mti wa jamii ya nyanya, na matunda yake meupe yana sumu. Kwenye nyumba ya watoto usiulete.

Na kama ukichoka na kazi ya kubeba ndoo, milima yetu ina mwasumini wake wa porini, Jasminum abyssinicum, unaotambaa kwenye misitu ya nyanda za juu kuanzia Ethiopia mpaka huku kwetu, una maua meupe yenye wekundu kidogo kwa nje na harufu nzuri. Umezoea baridi. Haufanani na wa mama, maua yake hayatungiki kirahisi kwenye uzi, lakini ukipandishwa kwenye uzio hauhitaji kufunikwa na shuka. Omba kipandikizi, usiung'oe msituni.

Maua utayaona lini? Ukipogoa Septemba, tazamia matumba ya kwanza Novemba au Desemba, na mengi zaidi Januari mpaka Machi. Kila kishada kikimaliza kuchanua, kata ncha yake pamoja na maungio mawili ili utoe kingine. Usitarajie wingi wa Tanga, usiku wa Njombe hata Januari ni wa baridi kwa mti huu, lakini sinia dogo la asumini kila baada ya siku kadhaa ni matarajio ya haki. Chuma alasiri, matumba yakiwa yameshakuwa meupe kabisa na kunenepa lakini hayajafunguka. Yenye ukijani hayatafunguka yakishakatwa. Yaweke kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya magharibi yatafunguka yenyewe. Wachina wa Fuzhou nao huchuma mchana hivyohivyo, kisha usiku wanayachanganya na majani ya chai yavute harufu. Kwa kikuba, kile kishada cha maua cha kujipamba, yatunge kabla hayajafunguka, uzi haupasui petali.

Kuhusu nyoka, mheshimu mama mkwe lakini jibu ni hapana: harufu ya ua haimvuti nyoka. Kinachomvuta ni chura na panya, nao wanapenda kichaka kilichogusa ardhi, chenye kivuli, unyevu na mawe ya kujifichia. Pale karibu na bomba palikuwa na hayo yote. Ukiwa kwenye ndoo, na matawi ya chini yameondolewa mpaka shina linaonekana kwa sentimita 30, hakuna pa kujificha. Mwonyeshe mama mkwe hilo shina lililo wazi, na sufuria na ndoo zilizorundikwa nyuma ya jiko nazo zipangwe upya, maana nyoka akipatikana hapo kesi itarudi kwa mwasumini.